Mama aliyejifunza kukata kona kwenye theluji, mwanawe akiwa mwalimu

Mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa ubao mmoja ulianzia nyumbani, tena kwa ajili ya watoto. Siku ya Krismasi mwaka 1965, katika mji wa Muskegon, jimbo la Michigan nchini Marekani, baba mmoja aitwaye Sherman Poppen aliunganisha skii mbili zikawa ubao mmoja ili binti zake wapate kitu cha kuchezea nje. Watoto wakasimama juu yake kiubavu, wakateleza kilimani. Mwaka 1998 mchezo uliotokana na ubao ule uliingia kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani.

Leo wazazi wengi kutoka Tanzania, Kenya na nchi jirani wanaoishi kwenye nchi za baridi wanaujua mchezo huu kwa upande mmoja tu, wa kulipa. Wanalipia tiketi, buti na kofia ngumu, kisha wanakaa kwenye mgahawa ulio chini ya kilima na kikombe cha chai, wakisubiri watoto washuke.

Mama mmoja mwenye umri wa miaka 41, mzaliwa wa Moshi na mkazi wa Calgary nchini Kanada, alikaa kwenye mgahawa huo mara mbili. Mara ya tatu alikuja na ubao wake.

Theluji ya mbali na theluji ya karibu

Kwa mtu aliyekulia Moshi, theluji si kitu kigeni machoni. Asubuhi kabla mawingu hayajafunika, Kibo huonekana na weupe wake kutoka uani. Lakini mama huyu hakuwahi kuigusa theluji mpaka alipofika Kanada akiwa na miaka 29, na kwa miaka mingi aliichukulia kama kazi tu: kitu cha kukwangua kwenye kioo cha gari saa kumi na moja alfajiri akitoka zamu ya usiku.

Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe huendesha lori la masafa marefu na hupatikana nyumbani siku chache kwa mwezi. Wana watoto wawili, binti wa miaka minane na kijana wa miaka 14.

Shida ilikuwa kwa kijana. Hakuwa mtukutu. Alama zake shuleni zilikuwa za kawaida, na walimu hawakuwa na lalamiko. Ila alikuwa amenyamaza. Ukimuuliza siku ilikuwaje, anajibu neno moja la Kiingereza na kuingia chumbani. Kiswahili alikielewa chote, lakini alikuwa ameacha kukizungumza tangu akiwa na miaka kumi.

Kisha shule ikawapeleka wanafunzi kwenye kilima cha theluji kwa siku moja. Jioni ile kijana aliongea mezani kwa dakika 20 bila kuulizwa. Alieleza jinsi ubao unavyoshika barafu, jinsi alivyoanguka, jinsi alivyofanikiwa kushuka. Mama yake hakuelewa hata nusu ya maneno, lakini alielewa kwamba hapo ndipo mlango ulipo.

Wiki iliyofuata alinunua ubao wa mitumba.

Kilima chenyewe

Calgary ina bahati ambayo miji mingi haina. Upande wa magharibi wa jiji kuna Canada Olympic Park, kilima kilichotumika kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1988. Hapo ndipo timu ya Jamaika ilipotokea kwa mara ya kwanza na kigari chao cha kuteleza kwenye barafu, ikashangaza dunia. Si mlima mrefu kama ile ya Rocky iliyo mbele yake, lakini mtu anaweza kutoka kazini, akateleza chini ya taa, na kurudi nyumbani kupika.

Tatizo lake ni hali ya hewa. Katikati ya baridi kali hushuka upepo wa joto kutoka milimani, wenyeji huuita chinook, na ndani ya saa chache theluji huanza kuyeyuka. Usiku joto likishuka, maji yale huganda kuwa barafu ngumu. Kwa anayejifunza, barafu haina huruma. Kila kosa la mwili linaonekana, na kila anguko linauma.

Kuanguka na mkono wa kazi

Darasa la mwalimu lilikuwa ghali kwa hesabu zake, kwa hiyo alijifunza kwa video za kwenye simu. Akajua kufunga mguu wa mbele na kusukuma kwa mguu wa nyuma. Akajua kusimama juu ya ukingo wa visigino, ubao ukiwa umekingama kilima na uso wake ukitazama bonde, kisha kulegeza kidogo na kushuka polepole. Akajua pia lile zoezi wanaloliita jani linaloanguka: unabaki kwenye ukingo uleule, unakwenda kushoto, unasimama, unarudi kulia, kama jani linavyoshuka kutoka mtini.

Wiki ya tatu alianguka vibaya. Ukingo wa ubao ulio upande wa bonde ulizama kwenye theluji, na ubao ukasimama ghafla huku mwili ukiendelea. Akatupwa chini, na bila kufikiri akanyoosha mkono kujizuia.

Kifundo cha mkono kilivimba. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa haukuvunjika, lakini alikosa zamu tatu. Analipwa kwa saa. Mtu anayewanyanyua wazee kitandani hawezi kufanya kazi kwa mkono mmoja.

Jeraha hilo ndilo linalowapata sana wanaoanza mchezo huu. Wanaoteleza kwa skii huumia zaidi magoti, kwa kuwa kila mguu una skii yake na unaweza kujipinda peke yake. Wanaotumia ubao mmoja miguu yao imefungwa pamoja, hivyo wanapoanguka mikono ndiyo inayopokea uzito. Mtu mzima akiangukia kiganja kilichonyooshwa, nguvu yote hupita kwenye mfupa mwembamba ulio karibu na kifundo.

Utafiti mmoja uliofanywa Norway na kuchapishwa mwaka 2001 uliwagawa watu zaidi ya 5,000 wanaotumia ubao katika makundi mawili. Kundi moja lilivaa vikinga vya vifundo vya mikono, jingine halikuvaa. Waliovaa, walioumia vifundo walikuwa 8. Wasiovaa walikuwa 29.

Mama huyu alinunua vikinga siku aliyorudi kilimani. Akajifunza pia kuanguka: ukianguka mbele, kunja ngumi na upokewe na mikono kuanzia kiwiko hadi ngumi pamoja na magoti, wala si kiganja, ukianguka nyuma, kaa chini, pinda mgongo kama mpira na bana kidevu kifuani ili kisogo kisigonge barafu. Kofia ngumu hakuwahi kuiacha.

Mtego wa jani

Msimu wa kwanza ulipoisha aliweza kushuka sehemu zote rahisi za kilima. Msimu wa pili ulipoanza aliweza kushuka hata zile zenye mteremko mkali. Watu wa jumuiya yao waliomwona kwenye picha walimsifu, na wengine wakamcheka kwa upole: mama mzima, anatafuta nini huko?

Lakini alikuwa hawezi kukata kona.

Huu ni mtego unaowanasa wengi wanaojifunza wenyewe. Jani linaloanguka linakufikisha chini popote pale, kwa hiyo unadhani umeshajua. Unashuka siku nzima kwenye ukingo mmoja, mapaja yanaungua, na hujawahi kuuacha ubao uelekee bondeni na kuubadilisha ukingo ukiwa kwenye mwendo.

Alipojaribu kona, alifanya wanachofanya karibu wote. Ubao ulipoanza kuelekea bondeni na kasi kuongezeka, mwili wake uliegemea nyuma, upande wa juu wa kilima. Ni jambo la asili. Binadamu akiona anateremka haraka, hujivuta kutoka kwenye hatari. Ubongo haungoji ruhusa.

Kwenye ubao, kujivuta huko ndiko kunakoleta hatari. Uzito ukihamia mguu wa nyuma, pua ya ubao inakuwa nyepesi, haishiki theluji, na haiongozwi tena. Anayeteleza akiona haukati, anaupiga teke mkia kwa mguu wa nyuma ili ugeuke kwa nguvu. Ubao unazunguka ghafla, unaburuza, unatupa theluji, na mara nyingi ukingo usiotakiwa unazama. Anaanguka, na safari inayofuata anaogopa zaidi na kuegemea nyuma zaidi.

Aliishi ndani ya mzunguko huo wiki sita. Kijana wake kwa wakati huo alikuwa anakata kona safi na kumsubiri chini, simu mkononi.

Bisibisi sebuleni

Mabadiliko ya kwanza hayakutokea kilimani. Yalitokea sebuleni Jumapili moja, baada ya kijana kuuangalia ubao wa mama yake kwa makini na kuuliza nani aliufunga hivyo.

Hakuna aliyeufunga. Vifungo vya miguu vilikuwa vilevile alivyoviacha mwenye ubao wa kwanza, ambaye kwa dalili zote alikuwa mwanamume mrefu. Vilikuwa mbali mno kimoja na kingine, na vyote viwili vimeelekezwa mbele. Mama wa kimo cha wastani alikuwa anasimama miguu imepanuka kupita kiasi, magoti yamenyooka, nyonga zimekazwa. Mkao huo hauruhusu goti kupinda, na goti lisilopinda haliwezi kuuongoza ubao.

Wakatafuta bisibisi. Kijana alimwambia mama yake aruke juu kidogo na atue, bila kufikiri. Umbali wa miguu alipotua ulikuwa mpana kidogo kuliko mabega yake, na hapo ndipo walipoanzia kufunga. Kifungo cha mbele wakakigeuza nyuzi 15 kuelekea pua ya ubao. Cha nyuma wakakigeuza nyuzi 9 kuelekea mkia, vidole vya miguu vikatazama nje pande zote mbili, kama mguu wa bata.

Nyuzi hizo si sheria. Kuna wanaopenda 15 na 15, na kuna wanaopenda mguu wa nyuma uwe karibu sawa kabisa. Kipimo ni goti: mtu anapochuchumaa kidogo, kila goti lielekee upande uleule wa vidole vyake. Goti likiingia ndani, litauma jioni, na likiendelea hivyo msimu mzima litaumia.

Kisha wakaangalia buti. Zilikuwa kubwa kwa saizi moja. Alipoinua kisigino, kilipanda ndani ya buti kabla buti lenyewe halijasogea. Maana yake ni kwamba kila alipotaka kuusimamisha ubao kwenye ukingo wa vidole, nusu ya nguvu ilipotelea kwenye uwazi. Buti zinazofaa humkaa mtu vidole vikigusa mbele kwa mbali akiwa wima, na kujitoa vikikunjwa magoti, huku kisigino kikibaki mahali pake. Akauza zile, akanunua nyingine, mitumba pia, ila za saizi yake.

Sharti moja

Kijana alikubali kumfundisha. Mama alitoa sharti moja, somo liwe kwa Kiswahili.

Kijana alicheka, kisha akaona mama yake hatanii. Jumamosi ile, kwenye sehemu ya wanaoanza, alisimama akitafuta maneno. Kisigino alikuwa nalo. Goti alikuwa nalo. Kiuno na nyonga alivichanganya. Neno la muundi hakulijua kabisa, akaupiga mguu wake chini ya goti na kuuliza, "Hii inaitwaje?"

"Muundi," mama akajibu.

"Basi, Mama, sukuma muundi mbele, uguse buti."

Kazi ya kwanza ilikuwa mkao. Mama alikuwa ameambiwa na video apinde mwili, naye alipinda kiunoni: makalio nje, kifua kimelala, macho kwenye pua ya ubao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kwenye ubao usiiname kwa kiuno. Zinazopinda ni goti na kifundo cha mguu, mgongo ukibaki karibu wima na nyonga zikiwa katikati ya vifungo viwili. Mtu akisimama hivyo, uzito wake uko sawa kwenye miguu yote miwili na anaweza kuupeleka popote. Akipinda kiunoni, kichwa kinatangulia, makalio yanabaki nyuma, na kila mgutuko unamwangusha.

Kazi ya pili ilikuwa macho. Kichwa hufuatwa na mabega, mabega na nyonga, nyonga na ubao. Anayetazama ubao wake humaliza kwenye ubao wake. Kijana alimwambia mama anyooshe mkono wa mbele na kuuelekeza anakotaka kufika, kisha autazame mkono ule.

Jumamosi ya pili mambo yaliharibika. Theluji ilikuwa barafu tupu baada ya chinook. Mama alianguka mara tano mfululizo kwa kosa lilelile, la kuegemea nyuma. Rafiki wawili wa kijana walikuwa karibu. Kijana, kwa sauti ya mtu aliyechoka, akasema, "Mama, husikii ninachokwambia."

Mama akamjibu vikali mbele ya wenzake. Alisema mambo ya heshima, ya nani amemzaa nani, ya nani anayelipa tiketi. Kijana akafungua vifungo vyake na kushuka kwa miguu. Safari ya gari kurudi nyumbani ilikuwa dakika 25, na hakuna aliyesema neno.

Katika malezi ya wengi wetu, mzazi hakosolewi na mtoto, sembuse mbele ya watu. Mama huyu alilala akiwa na hasira hiyo. Lakini zamu ya usiku ina saa nyingi za kufikiri, na kufikia alfajiri alikuwa ameona kwamba kuna mambo mawili tofauti. Mtoto alikuwa amekosa adabu ya sauti. Alichosema, hata hivyo, kilikuwa kweli.

Asubuhi alimkuta kijana jikoni. Akamwambia kuhusu sauti, kwa utulivu. Kisha akaongeza, "Kweli sikusikia. Baba, Jumamosi nionyeshe tena."

Kona, hatua kwa hatua

Walichokifanya wiki zilizofuata kilikuwa cha polepole, na kinaweza kumsaidia yeyote aliyekwama palepale.

Walirudi kwenye mteremko mdogo kabisa. Kushuka daraja kulimuuma mama, kwa sababu tayari alikuwa anashuka sehemu kali, lakini mteremko mkali ndio uliokuwa unamfundisha kuogopa. Kwenye mteremko mdogo mtu anaweza kuuacha ubao uelekee moja kwa moja bondeni, njia ambayo maji yangepita kama yangemwagwa, na bado kasi ikabaki ya kutembea. Mwili unapata nafasi ya kugundua kwamba hakuna kilichotokea.

Zoezi la kwanza: anza umesimama kwenye ukingo wa visigino, elekeza ubao bondeni, subiri kidogo, kisha rudi kwenye ukingo uleule wa visigino mpaka usimame. Rudia kwa ukingo wa vidole. Kila upande peke yake, bila kubadilisha.

Zoezi la pili lilikuwa la miguu. Ubao si kipande cha chuma, unapindika kati ya mguu na mguu. Ili kuanza kona ya kwenda kwenye vidole, mguu wa mbele ndio unaotangulia: unalegeza kisigino cha mbele, ubao unalala, pua inaelekea bondeni, kisha unakandamiza vidole vya mguu wa mbele na kusukuma muundi kwenye ulimi wa buti. Mguu wa nyuma unafuata baadaye kidogo, kwa mwendo uleule. Kwenda kwenye visigino ni vivyo hivyo, ila unakaa kana kwamba kuna kigoda nyuma yako, shavu la mguu likiegemea mgongo wa kifungo, na goti la mbele likifunguka kuelekea unakokwenda.

Kijana alikuja na mbinu yake mwenyewe. Alimwambia mama aweke mkono wa mbele juu ya goti la mbele mwanzoni mwa kila kona. Mkono ukifika gotini, uzito umeshafika mbele, hakuna namna ya kuegemea nyuma.

Zoezi la tatu lilikuwa kupiga picha za video. Mtu aliyejifunza mwenyewe anaamini yuko wima. Video inamwonyesha alivyo. Kijana alimpiga kwa sekunde 15, wakaangalia pamoja, wakachagua kosa moja tu la kurekebisha, wakashuka tena. Kosa moja kwa safari moja.

Jumamosi ya nne, alasiri, mama alielekeza pua ya ubao bondeni, mkono gotini, akahesabu moja, mbili, na ubao ukageuka wenyewe chini yake. Akakata ya pili upande wa visigino, nyonga zikiwa nje kidogo, ikaburuza lakini ikakata. Ya tatu akaanguka. Kijana hakupiga makofi. Alisema, "Hiyo ya pili umeangalia chini," na mama akajibu, "Ndiyo, nimeona."

Kwenye kiti cha kupandia

Ingekuwa rahisi kusema kwamba tangu siku hiyo kijana alianza kuzungumza nyumbani. Haikuwa hivyo. Mezani bado anajibu kwa maneno machache.

Lakini kilima kina kitu ambacho meza haina. Ili kufika juu, watu hukaa kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya, bega kwa bega, macho mbele, kwa dakika kadhaa. Hakuna anayeweza kuinuka na kuondoka, na hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Wazazi wengi wanajua kwamba vijana husema mambo mazito kwenye gari kuliko sebuleni, kwa sababu ileile.

Jioni moja mwezi wa pili, baridi ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri, kijana alimwambia mama yake, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kwamba tangu mwaka wa shule uanze alikuwa anakula chakula cha mchana peke yake. Wavulana watatu walikuwa wanaliigiza jina lake na lafudhi ya mama yake, waliyoisikia siku ya mkutano wa wazazi. Ndiyo maana aliacha kumwalika shuleni. Ndiyo maana hakutaka kusikika akiongea Kiswahili kwenye simu.

Mama hakujibu mara moja. Alikuwa na mengi ya kusema, na nusu yake yangekuwa makali. Akauliza swali moja, "Wale rafiki wawili wa huku kilimani, wanajua?"

"Wanajua. Wao ndio wanakula na mimi sasa."

Kiti kikafika juu, wakashuka. Wiki iliyofuata mama alikwenda shuleni kuonana na mwalimu wa darasa, baada ya kumwambia kijana kwanza na kupata ridhaa yake. Suala lile halijaisha lote. Angalau sasa linajulikana na watu wazima wawili badala ya kubebwa na mtoto mmoja.

Kwa mzazi anayefikiria kuanza

Umri wa miaka 40 si kizuizi, lakini una masharti yake. Misuli ya mapaja na kiuno iandaliwe wiki chache kabla ya msimu: kuchuchumaa na kuinuka, kusimama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, kupanda ngazi. Mwenye matatizo ya mifupa, moyo au sukari azungumze na daktari wake kwanza. Mjamzito asijaribu.

Vikinga vya mikono na kofia ngumu vinunuliwe kabla ya ubao, na kofia isiwe ya mitumba, kwa kuwa iliyowahi kugongwa inaweza kuwa na ufa usioonekana. Suruali yenye mto nyuma humwokoa anayeanza na maumivu ya kifandugu. Buti zijaribiwe miguuni, zisinunuliwe kwa kutazama.

Acha ukiwa bado una nguvu. Mtu akishachoka, magoti hunyooka, mwili huegemea nyuma, na ile safari ya mwisho ya "mara moja tu kisha twende" huwa ndiyo ya kuumia. Mtu akigonga kichwa, hata kama amevaa kofia, asirudi kilimani siku hiyo. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia kusiko kwa kawaida au kichwa kikizidi kuuma, apelekwe hospitali.

Na kama mfuko unaruhusu darasa moja tu, lichukuliwe mwanzoni, kabla kosa halijageuka mazoea. Mama huyu anakadiria kwamba saa moja ya mwalimu wiki ya kwanza ingempunguzia nusu ya msimu.

Kona zake za upande wa visigino bado zinaburuza. Kijana anasema ni kwa sababu anakaa mno, makalio yanatoka nje ya ubao. Dawa ni kuinua kifua na kuvuta vidole vya miguu juu ndani ya buti. Analifanyia kazi hilo. Binti wa miaka minane naye ameomba ubao.

Jumamosi ya mwisho ya msimu walishuka njia ndefu ya kilima pamoja, kijana mbele, mama akifuata alama za ubao wake. Zamu yake ilianza saa tano usiku. Alifika kazini mapaja yakiuma, mikono mizima, akaanza na mzee wa chumba cha kwanza.